Akiba ya mtoto anayetarajiwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tanga

Haya ndiyo maswali yanayorudi kliniki, kwenye vikoba na kwa mawakala wa simu, kuanzia Ngamiani na Makorora hadi Pongwe, Muheza na Pangani. Yameanza na ya msingi, yale ya nadra yako mwishoni. Hela zilizotajwa kwenye mahesabu ni za mfano. Wewe weka bei za kwenu.

## Ya msingi

1. Akiba ya mtoto na hela ya kujifungulia si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na kuvichanganya ndiko kunakoua akiba nyingi kabla mtoto hajatoka arobaini. Hela ya kujifungulia ina siku yake. Itatumika yote, na ndiyo kazi yake. Hela ya mtoto ni ya miaka, na haipaswi kuguswa kwa sababu ya teksi au supu ya mzazi.

Ukiweka 300,000 mahali pamoja, wiki ya kujifungua zikatoka 250,000, zile 50,000 zinazobaki zitaonekana chenji. Na chenji haikai. Kwa hiyo fungua sehemu mbili tangu siku ya kwanza, hata kama ya pili inapata 500 kwa wiki. Katika majibu yote hapa chini, ya kwanza tunaiita mfuko wa uzazi na ya pili mfuko wa mtoto.

2. Kumwekea hela mtoto ambaye hajazaliwa si uchuro?

Pwani wengi hawapendi kutaja mimba mapema wala kununua nguo za mtoto kabla hajafika, kwa kuogopa husda. Akiba haikulazimishi kuvunja desturi hiyo. Haina haja ya jina la mtoto, haina haja ya kutangazwa, na kwenye daftari unaweza kuiandika "akiba ya nyumba". Kama mama mkwe hataki kuona nguo ndani, weka hela yake ukanunue baadaye; maduka ya Ngamiani hayaendi popote. Vifaa vya kujifungulia havingoji, hivyo vinunue mapema.

3. Nianze mimba ikiwa na muda gani?

Mimba huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Usipange kumaliza wiki ya 40. Panga kumaliza wiki ya 36, kwa sababu wapo watoto wanaokuja wiki ya 37 na hakuna atakayekuuliza kama uko tayari. Ukianza wiki ya 12 una wiki 24 za kuweka: 5,000 kwa wiki inafika 120,000, na 10,000 inafika 240,000.

Aliyeanza wiki ya 26 ana wiki 10 tu. Hapo kujilazimisha kuweka mara mbili na nusu mara nyingi hakufiki wiki ya tatu. Punguza orodha badala yake: beseni, ndoo na nguo za mtoto huazimwa kwa dada au wifi, na chandarua chenye dawa hutolewa kliniki kwa mjamzito, kiulize hudhurio la kwanza.

4. Jumla niweke shilingi ngapi?

Usianze na namba uliyoisikia kwa jirani. Jumlisha mafungu manne.

*Vifaa.* Muombe muuguzi wa kliniki yako orodha, kwa sababu kila kituo kina yake. Mara nyingi utakuta glavu, pamba, mpira wa kutandika kitandani, wembe mpya, kibanio au uzi wa kufungia kitovu, mabomba ya sindano, pedi, sabuni, beseni na khanga. Khanga ziwe nne, zilizofuliwa na kukauka vizuri: mbili za mama, mbili za mtoto. Peleka orodha kwenye maduka mawili ya dawa, uandike bei pembeni ya kila kitu, ndipo ununue. Unaweza kununua kidogo kidogo, ila pakiti za glavu na mabomba zisifunguliwe, na tarehe ya kuisha muda isomwe palepale dukani.

*Usafiri.* Muulize dereva bei ya saa nane za usiku. Ya mchana haitakusaidia. Hesabu kwenda, kurudi, na nauli ya anayekusindikiza na kukuletea chakula. Mtu wa Chuda au Mabawa atapata fungu dogo. Wa Mkinga, Pangani au Chongoleani alifanye kubwa.

*Siku arobaini.* Hili ndilo husahauliwa. Mama ntilie akijifungua, biashara imesimama. Chukua matumizi ya chakula ya siku moja, zidisha kwa 40. Kama ni 5,000, fungu ni 200,000.

*Dharura.* Theluthi moja ya jumla ya mafungu matatu ya juu.

Mfano: vifaa 80,000, usafiri 40,000, siku arobaini 200,000, jumla 320,000. Ongeza theluthi, kama 107,000, unapata 427,000. Kwa wiki 24 ni takriban 17,800 kwa wiki, au 2,550 kwa siku kwa nyumba nzima. Ikishindikana, anza kupunguza siku arobaini, kwa sababu hapo ndugu huweza kuingilia na mchele na samaki. Fungu la dharura usiliguse. Usiku wa manane hakuna ndugu anayepokea simu haraka.

5. Hospitali ya serikali kujifungua ni bure. Kwa nini nihangaike?

Ni kweli, kwa sera ya afya, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hawalipishwi huduma kwenye vituo vya umma, iwe Kituo cha Afya Makorora au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bombo. Lakini bure ni huduma. Nauli, chakula cha msindikizaji, vifaa vilivyopungua stoo siku hiyo na dawa unayoambiwa ukanunue nje ni juu yako. Kama una bima, hakikisha imeanza kufanya kazi kabla ya miezi ya mwisho. Bima nyingi zina muda wa kusubiri, na kadi iliyokatwa wiki ya 35 inaweza isikufae.

## Pa kuiweka

6. Naweza kumfungulia mtoto akaunti sasa hivi, akiwa tumboni?

Hapana. Akaunti za watoto, kama Mtoto Akaunti ya NMB au Junior Jumbo ya CRDB, zinataka cheti cha kuzaliwa, na cheti hakipatikani kabla ya mtoto. Hadi hapo hela ikae kwa jina la mtu mzima, kisha ihamishwe. Namna ya kuihamisha iko swali la 18.

Hili lina maana moja kubwa: kwa miezi hii yote, machoni pa benki na pa sheria, hela ni ya huyo mtu mzima. Chagua vizuri nani (swali la 14), na andika (swali la 23).

7. Nikiweka kwenye simu inatosha?

Kwa mfuko wa uzazi, ndiyo, ukiitenga. M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa zote zinafaa. Tatizo ni laini ileile kutumika kununua vocha, kulipa umeme na kumtumia shemeji. Fanya hivi:

Chukua laini ya mtandao usioutumia kila siku. Iwe ya akiba tu, na namba yake usimpe mtu. Kuweka kwa wakala hakukatwi, kutoa hukatwa, kwa hiyo weka mara nyingi na utoe mara moja. Kila mwezi itumie angalau mara moja, maana laini iliyolala muda mrefu mtandao huifunga. Na kabla hujaweka hata mia, angalia kama laini ina deni la Songesha au mkopo mwingine wa simu. Hela ikiingia, deni hukatwa kwanza. Watu wamelia mbele ya wakala kwa hili.

Wiki ya 36, toa taslimu fungu la usafiri na sehemu ya dharura, uzitie kwenye begi la kujifungulia pamoja na kadi ya kliniki. Usiku mawakala wamefunga, na aliye wazi anaweza kukwambia hana salio la kutosha. Mama mwenye uchungu hawezi kusimama akibofya namba ya siri.

8. Kibubu bado kinafaa?

Kinafaa kwa sarafu na noti ndogo za kila siku, mradi kila mwezi kifunguliwe na hela ipelekwe kwenye simu au benki. Hewa ya chumvi hutia noti ukungu, panya hawachagui, na kibubu cha bati kinachojulikana na watoto wa nyumba nzima kina siku zake. Hela iliyofichwa miaka mingi ina hatari nyingine: mwaka 2025 Benki Kuu iliondoa kwenye mzunguko noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili tu. Kwa mfuko wa mtoto, wa miaka, kibubu hakifai kabisa.

9. Nacheza mchezo. Nipokee lini?

Mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu ni mzuri kwa mfuko wa uzazi kwa sababu aibu ya kutolipa inakusukuma. Kinachoamua ni zamu.

Tuseme mko 20, kila mmoja 10,000 kwa wiki, anayepokea anapata 200,000. Mimba yako ina wiki 14 mchezo unapoanza. Zamu ya kwanza iko wiki ya 15, ya ishirini iko wiki ya 34. Omba zamu ya 16 hadi 20. Ukipokea mwanzoni, hela itaishia kwenye mambo mengine na utabaki unalipa deni ukiwa na tumbo la miezi minane. Ukipokea mwishoni umeshamaliza kulipa, na hela inakuja inapohitajika.

Kasoro ya zamu za mwisho ni kwamba unabeba hatari yote ya wengine kukimbia. Kwa hiyo usiingie mchezo mpya wenye watu usiowajua. Kijumbe, yaani anayekusanya na kugawa hela, awe mwenye makazi, aliyekwisha kuendesha mizunguko kadhaa, na awe tayari kukuonyesha daftari lenye majina na namba za zamu. Kijumbe anayesema "zamu tutapanga mbele kwa mbele" muage kwa heshima. Na kama wiki zako na zamu haziendani, badilishana na mwenzio mbele ya kijumbe, iandikwe.

10. Na VICOBA au SACCOS?

VICOBA vina hisa za kila wiki, na vingi vina mfuko wa jamii unaotoa kitu kwa mwanachama aliyejifungua. Soma katiba ya kikundi ujue ni kiasi gani na baada ya kuwa mwanachama muda gani. Uliza mambo mawili zaidi. Kikundi kinavunja lini? Kikivunja Desemba na wewe unajifungua Septemba, hisa zako hutazipata kwa wakati. Pili, umemdhamini nani? Hisa zako ni rehani ya mkopo wake, na asipolipa zako ndizo zinazoshikwa.

Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, na usajili hufanyika halmashauri. Cheti kiwe kinaonekana. SACCOS ziko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Zinafaa zaidi kwa mfuko wa mtoto, kwani kujitoa huwa na utaratibu na muda wake.

11. Mfuko wa mtoto, ule wa miaka mingi, niuweke wapi?

Wengi huishia kwenye akaunti ya mtoto ya benki, na hiyo ni salama lakini hukua polepole. Ya pili ni vipande, yaani sehemu za uwekezaji wa pamoja, vya UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji. Wana Mfuko wa Watoto kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka 18, kianzio 10,000 na nyongeza kuanzia 5,000. Mtoto akiwa bado tumboni, anza na mfuko mwingine wao kwa jina lako, kama Umoja au Ukwasi. Thamani ya kipande hupanda na inaweza kushuka, na kuuza vipande huchukua siku kadhaa za kazi, kwa hiyo usithubutu kuweka humo hela ya kujifungulia.

Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba kupitia Benki Kuu, huanzia shilingi milioni moja kwa mnunuzi mdogo. Mama anayeweka elfu tano kwa wiki aziweke akilini, asianzie hapo.

12. Mimi sili riba. Nifanyeje?

Fungua akaunti kwenye dirisha lisilo na riba, kama CRDB Al Barakah au huduma za Kiislamu za NBC, au benki nzima ya Kiislamu kama Amana. Uliza wazi kama ni akaunti ya amana tu au ya mudharaba, ambayo hugawana faida. Mifuko ya vipande mingi hununua hatifungani zenye riba, hivyo kwako haifai bila kuuliza. Mchezo wa kawaida, usio na ziada wala adhabu ya hela, hauna riba. VICOBA vinavyokopesha kwa nyongeza vinayo.

## Kipato kisicho na tarehe

13. Mume ni mvuvi, mimi nalima mwani. "Kila wiki" hatuiwezi.

Basi msihesabu wiki. Mvuvi wa dagaa wa taa anahesabu giza: usiku wa mbalamwezi taa haivuti kitu, chombo kinalala pwani. Toeni kwa kila giza. Namna inayodumu ni kukata palepale ufukweni, baada ya mgao na tajiri wa chombo, kabla hela haijafika nyumbani. Moja ya kumi ya mgao, ipelekwe kwa wakala wa Deep Sea au Sahare siku ileile. Ikifika nyumbani inakutana na deni la duka.

Angalieni pia tarehe ya kujifungua inaangukia upepo gani. Kusi, takriban Aprili hadi Septemba, ngalawa ndogo hukaa siku nyingi bila kutoka. Mtoto wa Julai awekewe akiba wakati wa kaskazi, na kiwango kiwe mara mbili, kwa kuwa miezi ya mwisho ya mimba itakuwa mikavu.

Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, kwa kufuata bamvua, siku maji yanapokupwa sana. Katika zile wiki 24 kuna mavuno manne. Gawanya lengo kwa manne: kama ni 427,000, ni takriban 107,000 kwa kila mavuno baada ya kukausha na kuuza. Ila wiki za mwisho usizihesabu kama za kazi. Kuinama ndani ya maji na kubeba magunia ya mwani mbichi na tumbo kubwa si jambo la kupangia bajeti. Mavuno ya nne mpe dada au mtoto mkubwa, na ujira wake uutoe kwenye hesabu.

Kwa wenye michungwa Muheza wanaouza matunda yakiwa mtini, hela huja kwa mkupuo mmoja. Tenga mfuko wote wa uzazi siku hiyohiyo ya kulipwa na dalali. Wa kibarua kwenye mkonge au ujenzi anatoa siku ya malipo, na wa kuuza vitumbua anatoa kila jioni, hata 500.

## Watu wa karibu

14. Nani aishike?

Wawili wajue, mmoja ashike. Mama ashike mfuko wa uzazi maana yeye ndiye anayejua uchungu umeanza. Lakini mtu wa pili, awe mume, mama mzazi au dada, ajue hela iko wapi, kiasi gani, na aweze kuifikia. Mfuko wa mtoto ushikwe na asiye na madeni ya biashara. Huo ni ushauri wetu na wapo wanaokataa, lakini mtaji wa duka una njia yake ya kukopa bila kuomba.

15. Nimeajiriwa. Bado nahitaji siku arobaini?

Kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja; baba ana siku 3. Mtaarifu mwajiri kwa maandishi mapema, ukiambatisha cheti cha daktari. Mwanachama wa NSSF aulize pia mafao ya uzazi mapema, yana masharti ya michango na fomu zake. Fungu lako la siku arobaini liwe la kuziba pengo la mshahara kuchelewa.

16. Hela za hongera ni za mama au za mtoto?

Kinachoshikizwa kiganjani mwa mtoto ni cha mtoto. Sabuni, khanga na hela aliyopewa mzazi ni vya mama. Wageni wengi hawasemi, basi amueni mapema ndani ya nyumba. Njia rahisi: daftari karibu na kitanda, jina na kiasi, na kila jioni mtu mmoja anapeleka zote za mtoto kwenye mfuko wake. Daftari litakusaidia pia kurudisha fadhila, maana hongera ni deni.

17. Akika na zaka zitoke kwenye mfuko wa mtoto?

Akika, hapana. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yameenea Tanga, akika ni juu ya anayewajibika kumlisha mtoto, na haitolewi kwenye mali ya mtoto mwenyewe. Mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana, siku ya saba. Asiyeweza siku ya saba huichelewesha. Ifungulie fungu la tatu.

Zaka ni tofauti: kwa Shafi mali ya mtoto nayo hutolewa zaka ikifika nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikikaa mwaka mmoja wa Kiislamu, asilimia 2.5. Akiba nyingi za watoto hazifiki huko miaka ya mwanzo. Kwa hesabu yako mwenyewe muulize shehe wenu.

## Mtoto akishafika

18. Hatua za kuhamisha hela kwa jina la mtoto ni zipi?

Kwanza tangazo la kuzaliwa: usiondoke kituoni bila kuandikishwa, na hakikisha jina la mama limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. "Mwanaidi" na "Mwanahidi" ni watu wawili benki. Kisha cheti. Katika mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, wa watoto chini ya miaka mitano, cheti cha kwanza hutolewa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Jina la mtoto liwe limeamuliwa, maana kulibadilisha ni safari nyingine.

Ukiwa na cheti, kitambulisho cha mzazi na picha za pasipoti, nenda benki. Uliza mambo matatu kabla ya kusaini: kuna makato ya mwezi, kutoa kunaruhusiwa mara ngapi kwa mwaka, na nani ana saini. Kama mnaaminiana wazazi wote, ziwe saini mbili. Kisha hamisha hela kwa mkupuo mmoja, utunze stakabadhi. Amana kwenye benki zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana hadi 7,500,000 kwa mwenye akaunti. Vikundi na kijumbe hawana kinga hiyo.

19. Elfu ishirini kwa mwezi itafika wapi?

Kwa miaka 6, hadi anaanza darasa la kwanza, ni 1,440,000 bila faida yoyote. Ikipata faida ya asilimia 8 kwa mwaka, kwa mfano tu, inafika kama 1,840,000. Ada ya shule za serikali imefutwa, lakini sare, madaftari, michango ya chakula na nauli vipo. Kama umemlenga shule binafsi, kiasi hiki ni cha mwaka wa kuanzia, si zaidi.

## Yasiyopangwa

20. Nikipelekwa Bombo usiku kwa upasuaji, fungu la dharura litatosha?

Usafiri wa rufaa usikumalizie hela: piga 115, bure, namba ya m-mama inayoratibu usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Fungu la dharura libaki kwa dawa, chakula cha msindikizaji na siku za ziada wodini, kwa sababu aliyepasuliwa hukaa zaidi ya aliyejifungua kawaida. Kupona pia ni kwa wiki kadhaa, kwa hiyo siku arobaini zihesabu kama sitini. Likiisha, hamia kwenye mfuko wa mtoto bila kujilaumu, uandike kama deni la nyumba kwa mtoto, mlirudishe.

21. Wameniambia mapacha. Nizidishe kwa mbili?

Si vyote. Usafiri ni uleule. Vifaa vya mtoto, khanga na nguo ni mara mbili. Dharura iwe nusu ya jumla badala ya theluthi, na maliza kuweka wiki ya 32, mapacha huwahi. Mfuko wa mtoto uwe mmoja hadi wazaliwe, kisha akaunti mbili.

22. Mimba ikitoka, hela inakuwaje?

Ni ya matibabu na mapumziko ya mama kwanza. Inayobaki iacheni hadi arobaini ipite ndipo mzungumze. Msiiguse wiki ile, wala asiulize mtu. Aliyekuwa kwenye mchezo anaweza kumwomba kijumbe zamu yake isogezwe mbele. Wengi hukubali.

23. Nikifa, mtoto ataipata?

Hela iliyo kwa jina lako ni mali yako, na itapita kwenye mirathi. Kumwandika mtu kama ndugu wa karibu kwenye fomu hakumfanyi mmiliki. Benki itataka barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo. Ndiyo sababu ya kuhamisha haraka kwenda akaunti ya mtoto. Kwa kipindi cha kabla, andika karatasi: kiasi, mahali, ni ya nani, tarehe, saini yako na mashahidi wawili, nakala moja kwa mama au shangazi. Haizuii mirathi, ila inawanyima ndugu nafasi ya kusema hawakujua.

24. Baba wa mtoto hatoi chochote, au tumeachana.

Panga mfuko wa uzazi kana kwamba hatatoa. Akitoa, iende kwenye mfuko wa mtoto. Dai la matunzo lipelekwe ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote, wameoana au la. Ujumbe wa simu na miamala aliyokutumia vitunze, ni ushahidi. Na usikubali ahadi ya "nitaleta siku ya kujifungua" iingie kwenye hesabu ya swali la 4.

25. Sina kitambulisho cha NIDA.

Bila namba ya NIDA hutasajili laini, na benki nyingi huitaka kabla ya kukufungulia akaunti. Laini ya kuazima kwa rafiki ni hela ya rafiki. Anza kuifuatilia namba ofisi ya NIDA ya wilaya leo, na hadi itoke tumia kikundi kilichosajiliwa au mama mzazi. Aliye chini ya miaka 18 vilevile, aanze kwa jina la mzazi au mlezi wake, na karatasi ya swali la 23 iandikwe.

26. Bibi anasema hela si kitu, nimnunulie mtoto mbuzi au nimpandie minazi.

Bibi hajakosea, mradi usiwe mfuko pekee. Mbuzi jike hubeba mimba kama miezi mitano, hivyo Handeni na Kilindi mbuzi mmoja huweza kuwa zizi dogo kabla mtoto hajaingia shule. Mjini, bila mchungaji, ni hasara. Mkataba na mchungaji uandikwe: nani anamiliki vitoto, na kila mbuzi awe na alama. Minazi mirefu ya kwetu huanza kuzaa kati ya miaka 6 na 8. Panda kwenye kiwanja ambacho hakina mgogoro, kwa umbali wa mita 8 au 9, na umwagilie kiangazi cha mwaka wa kwanza. Minazi kwenye shamba la ukoo itahesabiwa ya ukoo.